Mgeni wa Nafasi ya Nne

Jioni ile waliokuwa wakitazama walikuwa watatu, na waliocheka walikuwa wanne.

Raudha Husseini alikuwa chumbani kwake Maili Moja, Kibaha, ameegemeza simu kwenye mto. Rafiki yake Elinipa Mbwambo alikuwa Mlandizi, nyuma ya duka la pembejeo la mama yake. Naila Zubeir, mtoto wa mama mdogo wa Raudha, alikuwa Msimbu, wilaya ya Kisarawe, katika nyumba aliyopanga baada ya kwenda huko kufundisha kwa kujitolea. Kila mmoja alikuwa mahali pake, lakini macho yao yalikuwa kwenye picha moja: mpishi mnene wa meli ya angani alikuwa amekalia keki ya nahodha bila kujua, naye nahodha anaitafuta.

Raudha akacheka. Elinipa akacheka kile kicheko chake cha kukwamakwama kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Naila akacheka. Wote walipokwisha kunyamaza, akacheka mwanamume.

Kicheko hakikuwa kikubwa. Kilikuwa cha mtu mwenye adabu, aliyesubiri wenyeji wacheke kwanza.

"Kumbe Ashrafu naye hucheka!" alisema Elinipa. "Nilidhani bubu. Kaka Ashrafu, hujambo huko?"

Nahodha akaendelea kuitafuta keki.

"Mwache, ana aibu," alisema Naila. "Rau, mwambie mwenzio hatumli."

Raudha alipunguza sauti ya simu. Wenzake walijua kwamba Ashrafu ni kijana anayefanya naye kazi dukani. Ni Raudha peke yake aliyejua kwamba hakukuwa na Ashrafu yeyote, dukani wala kwingine kokote.

Mambo haya yalitokana na kuchagua programu ya simu.

Wasichana hao walisoma pamoja sekondari Kibaha, na hapo ndipo walipoanza kupenda anime, yaani filamu za kuchorwa za Wajapani. Ukiziita katuni mbele yao, walikununia. Walizitazama vichwa vitatu juu ya simu moja, Raudha katikati kwa sababu simu ilikuwa yake, Naila kulia kwake akimlalia begani. Raudha alipazoea hapo katikati. Walipomaliza shule wakatawanyika, wakakubaliana kutafuta njia ya kutazama pamoja kwa intaneti, kila mmoja akiwa kwake. Kazi ya kutafuta ikapewa Raudha, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi katika steshenari, na mchana kutwa alikuwa akiwasaidia watu kujaza maombi mtandaoni na kuchapisha vyeti.

Raudha alijaribu programu mbalimbali. Moja ilitaka kompyuta, na kompyuta hawakuwa nayo. Nyingine ilimtaka mtu mmoja awaonyeshe wenzake kioo cha simu yake. Picha ikafika Msimbu vipandevipande, mdomo unasema na sauti inafuata nyuma kama mtu anayevuta mguu. Ya tatu ilikuwa nzuri. Kila mtu alivuta picha mwenyewe, programu ikawalinganishia muda tu, wakisemezana huku wakitazama. Haikula bando la intaneti. Mlango wake ulikuwa wazi: aliyetumiwa linki aliingia, wawe watano au ishirini. Ya nne ilifanana na hiyo ya tatu, ila ilikula bando zaidi, chumba chake kilikuwa na nafasi nne tu, na ufunguo alikuwa nao mwenye chumba. Bila yeye hakuna aliyeingia, wala picha haikuanza.

Raudha alikuwa amekwisha kuchagua ya tatu, na alikuwa akitaka kuwaambia, ndipo ilipofika voisi ya Naila.

"Rau, mimi nina ombi moja tu. Tuchague ambayo na Bertha ataingia. Jamani, Bertha ni kichekesho, mtampenda. Jana kanisuka, mkono wake mwepesi huyo! Nimelala kama sikusukwa."

Bertha Onesmo alikuwa mwalimu mwenzake Naila, mtu wa Singida, na walipanga nyumba moja. Raudha hakuwahi kumwona, lakini alikwisha kumchoka. Ilikuwa Bertha kasema, Bertha kapika, Bertha kaimba. Na sasa Bertha kasuka. Tangu Naila akiwa mtoto wa shule ya vidudu, kichwa chake hakikuwahi kusukwa na mtu isipokuwa Raudha. Alirudia kuisikiliza voisi ile pale kaunta, mashine ya fotokopi ikinguruma nyuma yake, na kila aliporudia alihisi kitu kama kaa la moto kikishuka kifuani taratibu, kikitafuta mahali pa kukaa.

Akawaandikia wenzake: "Iko moja ya wazi, ila haifai, inakatakata. Tuchukue yenye ufunguo. Ina usalama."

"Usalama wa nini, shoga?" alijibu Elinipa. "Tunaficha dhahabu?"

Naila akauliza: "Ina nafasi ngapi?"

"Nne."

"Basi tumeenea! Sisi watatu na Bertha."

"Ya nne ina mtu," aliandika Raudha.

"Nani?"

Raudha alitazama huku na huku dukani, hakuona wa kumtaja. Jina likamjia lenyewe. "Ashrafu. Kijana wa hapa kazini. Nimeshamwahidi."

Elinipa akatuma vicheko mfululizo. "Ashrafu! Ndiyo maana siku hizi ukipigiwa hupokei. Haya, aje tumwone shemeji."

Naila alichelewa kujibu, na Raudha alifurahia kuchelewa kule. Na yeye aonje, aliwaza. Na yeye ajue kuna mtu hamjui.

Jioni alitoa kwenye sanduku simu yake ya zamani iliyopasuka kioo, akaingia nayo chumbani mle na kuandika jina la Ashrafu. Kwenye simu yake mpya yakatokea maneno: *Ashrafu anaomba kuingia.* Chini yake palikuwa na mahali pa kubonyeza pameandikwa *Karibu*. Adhana ya Maghribi ilikuwa imeanza kwenye msikiti wa jirani. Raudha alilelewa vyema na mama yake, Bi Siwema, wala hakuwahi kumfungulia mtu mlango kimya. Kidole kilipobonyeza, mdomo nao ukasema:

"Karibu, Ashrafu. Karibu ndani."

Sasa, baada ya kicheko kile cha mwanamume, Raudha aliinyanyua simu ya zamani kutoka juu ya stuli. Ilikuwa baridi na imezimika. Alikumbuka kwamba tangu alipoitumia siku ile ya kwanza hakuitia chaji tena. Lakini kwenye kioo cha simu yake mpya, mbele ya jina la Ashrafu, kitone cha kijani kilikuwa kinawaka, yaani aliyemo yumo.

Kisha akasikia harufu ya mabibo, yale ya kuiva mno yaliyoanguka chini ya mkorosho yakaanza kuchacha, tamu na chungu kwa pamoja.

Bi Siwema alisukuma pazia. "Raudha, nani kaleta mabibo humu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Naisikia harufu." Bi Siwema alivuta pumzi tena. "Masika haya, mabibo yametoka wapi?"

"Labda sabuni."

Mama yake alimtazama kidogo, akaenda zake.

Raudha alijiambia kwamba ni kosa la programu. Mitambo hukosea. Lakini kuanzia siku ile, kila walipokutana, kitone cha Ashrafu ndicho kilichotangulia. Raudha alipofungua chumba alimkuta amekwisha kufika, kama mtu aliyewahi msikitini akapata safu ya mbele. Hakusema. Alicheka tu baada ya wenzake kucheka, na picha ilipofika penye huzuni alishusha pumzi, pumzi ndefu, na Raudha alihisi shingoni kwake joto la pumzi ile.

Dawa alikuwa nayo mkononi. Angewaambia wenzake wahamie programu ya wazi, wakiache chumba kile na aliyemo. Alilifikiria jambo hilo mara nyingi. Lakini programu ya wazi ni mlango wa Bertha, na kila alipofika hapo katika fikra zake aligeuka akarudi.

Elinipa alimpigia mchana, wakati Raudha anapanga madaftari rafuni.

"Raudha, huyo Ashrafu wako mtoe."

"Kafanya nini?"

"Uko peke yako?" Elinipa alikuwa ananong'ona, na kunong'ona hakukuwa tabia yake. "Jana tulipomaliza nilizima simu. Nimeizima kabisa, nimeiweka dirishani. Akaendelea kunisemesha."

"Ulikuwa unaota."

"Nakwambia nilikuwa macho! Anasema, 'Inuka.' Basi, neno hilo tu. 'Inuka.' Anasema polepole, kwa adabu, kama mtu aliyekukuta umekalia kiti chake. Nikamwambia mimi niko kitandani kwangu, niinuke niende wapi? Raudha, godoro likasukumwa. Kutoka chini. Likasukumwa, mwenzangu, likanyanyuka na mimi juu yake, na chumba chote kinanuka pombe ya mabibo, na mama yangu ni mlokole, hata togwa haiingii kwetu."

Raudha alishika rafu.

"Twende kwenye ile ya wazi," alisema Elinipa. "Hata ikikatakata. Tuhame leo leo."

"Nitaangalia."

"Utaangalia nini tena?"

"Nimesema nitaangalia, Elinipa."

"Sawa, dada," alisema Elinipa. "We angalia. Mimi sirudi mle."

Raudha alimwonea huruma, hilo ni kweli. Lakini chini ya huruma, kama sukari iliyotulia chini ya kikombe, palikuwa na utamu: sasa watakuwa yeye na Naila tu.

Na kwa muda ikawa hivyo. Walitazama wawili, wakakumbushana mambo ya shule, Naila akamsimulia ndoto zake kama zamani. Mwenye nafasi ya nne alikaa kimya. Raudha alianza kumzoea, hata kumshukuru kwa siri, kama mtu anavyoshukuru mbwa mkali wa jirani anayefukuza watu asiowapenda.

Jioni moja, katikati ya picha, sauti ya kike iliita huko Msimbu, na Naila akacheka kabla hajaitika.

"Rau, simamisha kidogo. Bertha kaivisha mlenda, anasema nisipokwenda sasa hivi atakula na sufuria. Nakuja."

Hakuja upesi. Raudha alikaa na picha iliyosimama, mpishi mnene ameinua mwiko, na kutoka mbali, katika simu ambayo Naila aliiacha wazi, alisikia sahani, na maneno asiyoyashika, na vicheko viwili vikipandana. Kaa la moto likajigeuza kifuani.

"Huyo naye nimwinue?"

Sauti haikutoka kwenye simu. Ilitoka nyuma ya sikio lake la kulia, karibu kiasi kwamba nywele ndogo za shingoni zilisogea. Ilikuwa sauti tulivu, ya kijana, Kiswahili chake safi.

Raudha hakugeuka. "Nani?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Anayeuchoma moyo wako."

Alidhani anamsema Bertha. Alijua vizuri linalompasa mtu kusema: hapana, au toka, au jina la Mungu. Maneno yote matatu aliyahisi kwenye ulimi. Vicheko vikapanda tena huko Msimbu.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliinamisha uso akatazama mikono yake.

"Nimekusikia," ilisema sauti ile, na ilikuwa imejaa furaha.

Simu ya Bertha ilikuja mchana wa jua kali, dukani pana watu, na Raudha akajifunza kwamba hofu haingoji giza.

"Dada Raudha? Samahani, naitwa Bertha, naishi na Naila. Namba nimeikuta kwenye daftari lake. Dada, Naila haongei."

"Haongei vipi?"

"Tangu alfajiri. Nimemkuta amekaa sakafuni, ameshika simu, simu yenyewe imezimika, naye anaitazama tu kama anaona kitu, na mara anacheka. Dada," Bertha alianza kulia, "hacheki kwa sauti yake. Anacheka kwa sauti ya mwanamume."

Raudha aliacha duka mikononi mwa mwenzake, akaenda, na njia yote hadi Kisarawe mjini, na kutoka hapo juu ya bodaboda iliyokuwa ikiteleza kwenye tope jekundu la masika, alikuwa akisema moyoni kwamba si yeye, hakumtaja Naila, hakumtaja mtu, alikuwa amenyamaza tu, na kila aliposema hivyo ile harufu ilimfuata, mabibo yaliyochacha, chini ya mikorosho isiyokuwa na tunda hata moja, ikiingia ndani ya kofia ngumu aliyovaa, ikampata mpaka kooni, hata yule dereva, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akageuza kichwa na kumuuliza kwa upole kama amelewa.

Walikuwa wamemlaza Naila juu ya mkeka katika chumba cha mbele. Macho yake yalikuwa wazi. Mlangoni alisimama msichana mfupi, mweusi, amevaa gauni la kazini na rozari imezungushwa mkononi; huyo ndiye Bertha. Pembeni ya Naila alikuwa amekaa mwenye nyumba, Bi Tunu Pazi, fundi wa pepo aliyejulikana kutoka Msimbu mpaka Maneromango. Alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi, na mbele yake ubani ulifuka kwenye kigae.

"Shikamoo, bibi," alisema Raudha.

"Marahaba. Ingia. Tulikuwa tunakungoja."

"Mlijua nakuja?"

"Yeye ndiye aliyesema," alijibu Bi Tunu akimwonyesha Naila kwa kidevu. "Tangu nimekaa hapa ananiambia, 'Mwenyeji wangu yuko njiani.' Kaa."

Raudha akakaa. Bi Tunu aliinama juu ya Naila, moshi ukiwazunguka, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemuuliza mpangaji mpya: "Haya, mgeni, tujuane. Jina lako nani?"

Midomo ya Naila haikutikisika. Sauti ilitoka ndani, kifuani, kama mtu anayesema akiwa chini ya mtungi. "Ashrafu."

"La kwenu, au la kupewa?"

"La kupewa."

"Kakupa nani?"

Mkono wa Naila uliinuka wenyewe kutoka mkekani, vidole vimelegea, mfano wa mkono wa nguo unaoinuliwa na upepo, ukakatisha moshi, ukasimama mbele ya uso wa Raudha.

Bi Tunu alivua miwani. "Sema, mjukuu wangu. Sema lote. Ukibakiza, hasara yake si yako, ni ya huyu aliyelala."

Raudha alimtazama Bertha mlangoni. Angetoa chochote Bertha asiwepo. Lakini Bertha hakuondoka, na Naila alikuwa akipumua mara moja pale ambapo mtu mwenye afya angepumua mara tatu. Akasema. Alisema habari ya programu nzuri aliyoificha na programu mbaya aliyoichagua, na nafasi nne, na mtu aliyemnyima nafasi, na jina alilolitunga ili pasionekane pengo.

"Ukampa jina asiyekuwepo," alisema Bi Tunu polepole.

"Ndiyo, bibi."

"Hata mtoto tumboni, anayepiga mateke, anayejulikana baba yake na mama yake, hatumtaji jina mpaka atoke. Hukufunzwa kwa nini? Jina likitupwa haliokoti aliyekusudiwa. Huliokota aliye karibu." Akavuta pumzi. "Na bado ukamkaribisha kwa mdomo wako. Haya. Alikuuliza kitu?"

"Aliniuliza amwinue nani. Yaani, kama amwinue."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu, bibi. Nilinyamaza. Niliinama tu."

Bi Tunu alipiga mapaja yake kwa mikono miwili. "Lo! Mwali uliyechezwa unyago ukafundwa, unaulizwa na mwanamume jambo zito, unainamisha kichwa na kunyamaza? Posa ikija, wazee hungoja nini kwa binti? Si hicho hicho? Hungoja anyamaze, wakatoka wakasema amekubali!" Akashusha sauti. "Kwake yeye umekwisha kuolewa. Na mume mwenye wivu hamwinui adui wa mkewe. Humwinua apendwaye na mkewe."

Ndani ya Naila, mwanamume akacheka taratibu.

"Nifanye nini?" Raudha alilia. "Bibi, nifanye nini?"

"Ile nafasi uliyompa, mpe mwenyewe uliyemnyima. Umwambie kwa mdomo, mbele yake, nasi tusikie. Na huyu umkatae kwa jina lile lile ulilomwitia. Haraka."

Raudha akatoa simu. Vidole vyake vilikuwa na jasho hata kioo kikakataa kumtambua, akavifuta kwenye khanga, akajaribu tena. Chumba kikafunguka. Kitone cha kijani kilikuwa kinawaka. Aliligusa jina la Ashrafu, na mara mlango wa nyumba ukajibamiza, mabati ya paa yakalia kutoka upande mmoja hadi mwingine kama mtu mzito anayetembea juu yake bila haraka, na Naila akakunja mgongo, visigino na kisogo tu vikigusa mkeka, na harufu ya mabibo ikawa nzito kiasi kwamba Bertha alipiga magoti palepale mlangoni akaanza kumwita Mama Maria, na Bi Tunu, naye anasoma aya zake, akanyoosha mkono bila kugeuka akamshika Bertha bega, wakasoma pamoja, huyu ya kwake na yule ya kwake, mpaka sauti ya Raudha ikapenya katikati yao:

"Ashrafu! Sikukubali. Nilinyamaza kwa ubaya wangu, lakini sikukubali. Toka! Nafasi hii si yako!"

Akalifuta jina. Akaandika: Bertha.

"Bertha," alisema, na sasa alishindwa kuinua macho. "Nafasi ilikuwa yako. Nilikudhulumu. Karibu."

"Nimekaribia, dada," alisema Bertha huku akifuta machozi kwa kiganja. "Lakini wala usingejisumbua. Mimi hata hizo katuni sizipendi. Nilikuwa nakaa tu karibu yake asiwe mpweke, maana akimaliza kuongea na ninyi huwa analia. Anakukumbuka."

Mabati yalinyamaza. Naila alishuka juu ya mkeka polepole kama nguo iliyodondoka kambani. Kifua chake kikajaa, kikashuka, kikajaa tena. Bi Tunu alimpa maji ya kombe, yaliyooshewa maandishi ya aya, akanywa, mengine yakamwagika shingoni. Macho yake yakazunguka chumbani, yakatafuta.

"Bertha," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, iliyokauka. "Bertha, uko wapi?"

Bertha akamkimbilia. Naila akamlalia begani, akafumba macho.

Bi Tunu alikusanya kigae chake. Alipompita Raudha aliinama sikioni mwake. "Kwa huyu nimemtoa," alinong'ona. "Kwako, mwanangu, wa kumtoa ni wewe mwenyewe. Mimi siwezi kuingia humo." Akagusa kifua cha Raudha kwa kidole kimoja, akatoka uani.

Nje mvua ilianza. Raudha alibaki kwenye ukingo wa mkeka. Alikuwa anafurahi, na alijiambia kwamba anafurahi, kwa sababu Naila yu hai. Aliwatazama wawili wale. Bertha alikuwa akimwondolea Naila nywele zilizogandamana usoni kwa jasho, uzi mmoja mmoja, kwa mkono mwepesi, naye Naila, usingizini, akatabasamu.

Mkeka ulibonyea upande wa kulia wa Raudha, taratibu, kama unavyobonyea mtu anapokaa, na harufu ya mabibo ikarudi.

Raudha hakugeuka. Wale wawili hawakuwa wameona kitu. Angeweza kupiga kelele. Bi Tunu alikuwa bado uani, anasikika akipiga chafya. Raudha alimtazama Naila tena, na bega alilolilalia.

Kisha akakusanya khanga yake, akasogea kidogo, akampisha.